Kanda la Usufi

Somo la juma: Marko 15:21



Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Likiwa begani pa mwingine, kanda hilo huonekana jepesi, la kubebwa hata na mtoto. Nimekaa na methali hiyo wiki nzima, pamoja na mstari mmoja tu wa Marko. Simoni wa Kirene anatoka zake shamba, anapita njia, askari wanamkamata na kumtwika msalaba usio wake. Kirene iko Afrika, katika Libya ya leo. Kila Kwaresima nausoma mstari huu harakaharaka ili nifike Golgotha. Safari hii nimekwama kwa Simoni, na kilichonikwamisha ni mchezo ambao wengi wenu hamjawahi kuutazama hata mara moja.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu, na mpinzani anausubiri akiwa na gongo. Akiupiga vizuri, anatupa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirejea alipoanzia timu yake imepata pointi. Kituo ni mfuko mweupe uliofungwa ardhini. Kwenye kituo cha kwanza husimama mlinzi. Mguu mmoja umegusa mfuko, mkono wenye glavu umenyooshwa kuupokea mpira, macho yako juu. Mkimbiaji naye anakuja mbio na viatu vyenye meno ya chuma. Akitaka kukanyaga, mguu upo hapohapo, na mwenye mguu hatazami chini.

Tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, jijini New York, mguu huo ulikuwa wa Jackie Robinson. Alikuwa na miaka 28, mjukuu wa watumwa, aliyelelewa na mama aliyefanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu huko Pasadena, California. Tangu karne ya 19 mtu mweusi hakuwa amecheza katika ligi kuu za mchezo ule. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu, na maelewano ya namna hiyo ni magumu kuvunja kwa kuwa hayana karatasi ya kuchana. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha hata miaka miwili haijatimia. Vijana weusi wa Marekani walikuwa wametoka kupigana na Hitler aliyehubiri ubora wa rangi, wakarudi nyumbani na kukuta milango ileile imefungwa.

Siku ile walikuja watu zaidi ya 25,000. Mkewe, Rachel, alikuwa jukwaani na mtoto wao wa miezi mitano. Robinson hakupiga mpira wowote wa maana, ila alifika kituoni kwa kosa la wapinzani, akakimbia, akarudi na pointi iliyoiweka mbele timu yake, Brooklyn Dodgers. Waliwafunga Boston Braves 5 kwa 3.

Aliyekuwa amemwita ni Branch Rickey, mkuu wa timu ile, Mmethodisti ambaye alipokuwa mchezaji alikataa kucheza Jumapili kwa ajili ya ahadi aliyompa mama yake. Walikutana ofisini kwa Rickey Agosti 1945. Mzee yule alianza kumwigizia matusi. Mara yeye ni karani wa hoteli anayemfukuza, mara mhudumu wa mgahawa anayekataa kumpa chakula, mara mchezaji anayemkanyaga kwa makusudi. Kisha akamsomea kutoka kitabu cha Mwitalia Giovanni Papini juu ya maisha ya Kristo, pale panapohusu kugeuza shavu la pili. Alitaka ahadi moja, kwamba asijibu. Robinson aliahidi.

Nanyi mjue kwamba hakuwa mpole wa kuzaliwa. Mwaka 1944, akiwa luteni jeshini huko Texas, dereva wa basi alimwamuru akakae nyuma, akakataa. Walimpeleka mahakama ya kijeshi, nayo ikamwachia huru. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, ujue ananyamaza kwa nguvu zake zote.

Wiki moja baada ya siku ile ya kwanza, tarehe 22 Aprili, Philadelphia Phillies walikuja Brooklyn. Meneja wao, Ben Chapman, mtu wa Alabama, alianza kutukana kutoka benchi, na wachezaji wake wakamfuata kama kwaya inavyomfuata kiongozi. Sitayaandika matusi yale. Yalihusu rangi yake, mashamba ya pamba na wake za wenzake. Kila alipokwenda kupiga mpira, sauti zile zilimfuata. Miaka 25 baadaye, katika kitabu cha maisha yake, Robinson alikiri kwamba hakuna siku iliyomfikisha karibu na kuvunjika kama ile. Ilimjia picha ya yeye mwenyewe akilitupa gongo, akivuka uwanja hadi kwenye benchi lile, akimkamata mmoja wao na kumpiga ngumi, kisha aondoke asirudi tena.

Hakwenda. Katika awamu ya nane aliupiga mpira, akafika kituo cha kwanza, akaiba cha pili, yaani akakikimbilia bila kusubiri mwenzake apige, mpira uliorushwa kumzuia ukapotea njia, akasogea cha tatu. Gene Hermanski alipopiga, Robinson akarudi alipoanzia. Brooklyn 1, Philadelphia 0.

Mahubiri mengi kuhusu mtu huyu huishia hapo. Alitukanwa, akavumilia, akashinda, tuimbe. Nami nimehubiri hivyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Miaka sita iliyopita, katika usharika mwingine niliokuwa nikiutumikia, binti mmoja wa kwaya alikuja ofisini kwangu Alhamisi jioni. Alikuwa akifanya kazi za ndani kwa mzee wetu wa kanisa. Alisema, "Shikamoo, baba mchungaji," akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiye na hakika kwamba kiti ni chake. Alikuwa amekunja kanga mapajani na kila aliposema jambo aliikunja upya, ndogo zaidi. Akaniambia anavyoitwa katika nyumba ile. Si jina lake. Mbele ya wageni, mbele ya watoto aliokuwa akiwaogesha, kila siku kwa muda wa mwaka na nusu. Hakupigwa, alisema, kana kwamba ananitetea mimi nisihangaike sana. Nikamfungulia Mathayo sura ya tano. Nikamwambia subira yavuta heri. Tukaomba. Akasema asante, baba, akatoka.

Jumapili yule mzee alikuwa kwenye benchi la mbele, na mimi nikampa mkono mlangoni. Baada ya miezi miwili binti aliondoka kwenda kwao, na sikumwona tena.

Sasa narudi Brooklyn, kwa maana Phillies walikaa pale kwa mechi tatu, na matusi hayakukoma. Robinson alikuwa amefungwa na ahadi yake. Ndipo Eddie Stanky, mchezaji mwenzake, alipoinuka na kuwafokea wale wa benchi la pili. Aliwaita waoga, akawaambia wamchokoze mtu anayeweza kujibu. Stanky hakuwa rafiki wa Robinson. Yeye naye maskani yake yalikuwa Alabama, kama Chapman. Hakutoa hotuba ya haki za binadamu. Aliona tu kwamba kuna mtu anapigwa akiwa amefungwa mikono, na mikono yake yeye iko huru.

Hilo nilikuwa sijaliona katika miaka yote ya kusimulia habari hii. Nilimtazama aliyebeba, nikasifu mabega yake. Sikuuliza waliokuwa kando yake walikuwa wanafanya nini.

Wapendwa, neno la kugeuza shavu ni la Bwana wetu na sitalipunguza. Lakini nimejifunza kwamba tumekuwa tukilipeleka kwa mtu mmoja tu. Tunalipeleka kwa mke, kwa kibarua, kwa mtoto wa kambo, kwa binti wa kazi. Mwenye mkono uliopiga hatumpelekei neno lolote, kwa kuwa ndiye anayetununulia mabati ya kanisa. Rickey alimwomba Robinson ahadi akiwa amekwisha kuweka jina lake, timu yake na fedha zake juu ya meza ileile. Tena ahadi ile ilikuwa na mwisho. Kufikia 1949 Robinson aliruhusiwa kujibu, naye akajibu bila kumung'unya maneno, na mwaka huohuo akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Mimi yule binti nilimpa subira isiyo na tarehe, na juu ya meza sikuweka kitu.

Kuna picha ya Mei 1947 inayonisumbua. Magazeti yalikuwa yamemshambulia Chapman, naye alitaka kulinda kazi yake. Timu ilipokwenda Philadelphia, Robinson aliombwa apigwe picha pamoja naye. Akakubali. Wamesimama bega kwa bega, na badala ya kushikana mikono wameshika gongo moja, kila mtu mahali pake, vidole visigusane. Robinson aliandika baadaye kwamba lilikuwa miongoni mwa mambo magumu aliyolazimika kufanya. Nimeona picha nyingi za aina hiyo katika huduma yangu, nyingine nilizipanga mimi mwenyewe. Tunawasimamisha wawili mbele ya madhabahu, tunasema wamepatana, tunatoa tangazo. Aliyeumia ndiye anayegharamia amani hiyo, na sisi tunakwenda kunywa chai. Halmashauri ya jiji la Philadelphia ilipitisha azimio la kumwomba Robinson radhi mwaka 2016. Mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1972. Aliyebaki kuupokea msamaha huo ni mjane wake, Rachel, na miaka ilikuwa imepita 69.

Wako waliosogea mapema. Kabla msimu haujaanza, baadhi ya wachezaji wa Dodgers waliandaa hati ya kumkataa. Wakampelekea Pee Wee Reese, mtu wa Kentucky, aliyekulia katikati ya ubaguzi, nao walidhani atakuwa wao. Reese akakataa kutia saini. Watu wanampenda zaidi kwa tendo jingine, la kuvuka uwanja wakati mashabiki wanazomea na kuuweka mkono wake begani pa Robinson. Sanamu yao wakiwa hivyo imesimama Brooklyn tangu 2005. Waliosimulia hawakubaliani kama ilikuwa Cincinnati au Boston, 1947 au mwaka uliofuata. Mimi naona heri zaidi ile saini iliyokosekana, maana hapakuwa na mashabiki wala mpiga picha, palikuwa na wenzake wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, ambao angekula nao kesho yake.

Yuko pia Hank Greenberg wa Pittsburgh. Yeye alikuwa Myahudi, katika msimu wake wa mwisho, na kwa muda mrefu katika miaka ya 1930 alikuwa ametukanwa viwanjani kwa ajili ya kabila lake. Siku moja mwezi Mei yeye na Robinson waligongana kwenye kituo cha kwanza. Zamu iliyofuata, walipokutana tena pale, Greenberg alimuuliza kama ameumia, akamsihi asimame imara na kuinua kichwa. Mazungumzo ya dakika moja kwenye mfuko mweupe, kati ya wapinzani. Robinson aliwaambia waandishi wa habari kwamba yule ni muungwana.

Kuna mchezaji mweusi wa pili pia, na wa pili husahauliwa. Larry Doby aliingia Cleveland tarehe 5 Julai mwaka uleule, ligi nyingine, wiki kumi na moja baada ya Robinson. Alipotambulishwa kwa wenzake chumbani, baadhi hawakumpa mkono. Wakatoka uwanjani kupasha misuli, wakirushiana mpira wawili wawili, kama ilivyo desturi. Doby alisimama pembeni na glavu yake, peke yake, dakika zikipita. Mtasema ni jambo dogo. Mliowahi kusimama uwanjani mkiwa watoto, wenzenu wanachaguana na wewe hakuna anayekutaja, mnajua si dogo. Hatimaye Joe Gordon akamwita, akamrushia mpira. Basi. Hakufanya zaidi ya hapo, na Doby alilisimulia tendo lile hadi uzeeni.

Wapenzi wa mchezo ukiwauliza juu ya 1947, wengi watakwambia habari za Oktoba, fainali ya Dodgers na Yankees, ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Watakusimulia Bill Bevens wa Yankees, aliyebakiza mtu mmoja tu kumaliza mechi nzima bila mpinzani kupata pigo halali hata moja, na Cookie Lavagetto aliyeingizwa dakika hiyo, akaupiga mpira hadi ukutani na kuipa Brooklyn ushindi wa 3 kwa 2. Watakusimulia Al Gionfriddo aliyekimbia na kuudaka mpira wa Joe DiMaggio karibu na uzio, hata DiMaggio, mtu asiyeonyesha hisia, akapiga teke vumbi. Yankees walishinda, mechi 4 kwa 3. Na baada ya fainali ile hakuna hata mmoja wa wale watatu, Bevens, Lavagetto wala Gionfriddo, aliyecheza tena katika ligi kuu. Robinson alimaliza akiwa ameiba vituo 29, wa kwanza katika ligi yake, na akapewa tuzo ya mchezaji bora mgeni, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanzishwa.

Lakini mimi ni mchungaji, na katika msimu huo wote namtafuta mchungaji. Yupo. Jina lake Karl Downs.

Miaka tisa hivi kabla ya 1947 alifika Pasadena kuliongoza kanisa dogo la Kimethodisti, mwenyewe bado kijana. Jackie alikuwa akishinda mtaani na kundi la wenzake, polisi wamekwisha kumfahamu. Downs alikwenda hadi kwenye kona waliyozoea kukaa, akamuulizia. Hakumkuta. Akaacha ujumbe kwamba anataka kumwona kanisani. Jackie akaenda. Downs alikuwa ameleta michezo na dansi kwa vijana ndani ya eneo la kanisa, na baadhi ya waumini walinung'unika, lakini vijana walikuja. Jackie akafanywa mwalimu wa shule ya Jumapili. Siku za Jumamosi alicheza mpira wa Kimarekani hadi mwili wote unauma, na Jumapili asubuhi, akitamani kulala, akaamka kwenda kufundisha watoto. Miaka mingi baadaye, katika msimu wa matusi, bado alipiga magoti kando ya kitanda chake kila usiku. Aliyemfungisha ndoa na Rachel, Februari 1946, ni Downs.

Mwaka 1947 Downs alikuja Brooklyn kumtembelea, akaugua akiwa kwao. Alirudi Texas, alikokuwa mkuu wa chuo, na Februari 1948 akafanyiwa upasuaji. Hali ilipobadilika baada ya upasuaji, alipelekwa wodi ya watu weusi. Robinson aliandika kwamba rafiki yake asingekufa kama angetibiwa Brooklyn. Downs alikuwa na miaka 35. Nimelirudia jambo hili mara nyingi wiki hii. Aliyekwenda hadi kwenye kona ya mtaa kumtafuta mtoto wa mtu, siku yake ilipofika walio kando ya kitanda chake walifuata taratibu za wodi.

Marko anapomtaja Simoni wa Kirene anaongeza kwamba ni baba yao Iskanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake wanawajua vijana hao, wanakaa nao ibadani. Sisi nasi tuna namna yetu ya kumjua Robinson. Mwaka 1959, Tom Mboya alipotafuta nauli za vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani, Robinson alitia jina lake katika mchango huo pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, na ndege ya kwanza ikachukua wanafunzi 81. Na mwanawe wa mwisho, David, alihamia Tanzania miaka ya 1980, akalima kahawa huko Mbozi, katika nyanda hizi zetu za juu. Mjukuu wa yule mama wa kazi za ndani ameotesha mikahawa katika udongo tunaoukanyaga.

Jumatatu nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kurudi kwenye ule usharika wa zamani. Sikumpigia simu mtu yeyote. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena. Nilishuka stendi, nikatembea hadi nyumbani kwa yule mzee. Geti limepakwa rangi mpya ya bluu. Ndani nilisikia mtu anafua, maji yakimwagwa kwenye beseni, na sauti ya msichana mwingine ikiimba chini chini wimbo wa kwaya yetu. Nikabisha hodi. Mzee alikuja kufungua mwenyewe, akatabasamu, akasema, "Karibu, mchungaji, karibu ndani, tunywe chai kwanza." Nikamwambia chai itasubiri, mzee wangu, nina neno nilipaswa kukuletea miaka sita iliyopita.